Krosiplei na PTB kwenye magemu ya kutisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanarudi kila chapta mpya (apdeti kubwa ya gemu) ikikaribia, na majibu yanatawanyika kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka yanapotea, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Nitaongelea zaidi Dead by Daylight (DBD) manake ndiyo gemu inayowachanganya watu zaidi kwenye haya mambo mawili, Phasmophobia na nyingine zitapita pale zenye kitu cha kusema. Kama una haraka: krosiplei inahusu unacheza NA NANI, PTB (toleo la majaribio) inahusu unacheza TOLEO GANI, na hivyo vitu viwili havikutani kabisa. Robo tatu ya maswali huku chini yanatokana na mtu kuvichanganya.

Krosiplei ni nini hasa?

Ni wewe wa PC, mshkaji wako wa PlayStation na dada yake wa Switch kuingia mechi moja. Basi.

Zamani haikuwezekana. DBD inatengenezwa na Behaviour Interactive wa Montreal, Kanada, ilitoka kwenye PC Juni 14, 2016, ikaja PS4 na Xbox One 2017, Switch Septemba 2019, na miaka yote hiyo kila jukwaa lilikuwa na watu wake na foleni yake. Wakaanza kwa kuunganisha wa Steam na wa duka la Microsoft ambao wote ni PC tu, halafu Agosti 2020 ndo konsoli zikaingia mchezoni, na tangu hapo ukifungua lobi (chumba cha kungojea mechi) unaona alama ya dunia pembeni ya jina la mtu, hiyo maana yake anatokea jukwaa lingine tofauti na lako.

Niiache imewashwa au niizime?

Iache. Najua kuna watu watabisha ila nisikilizeni kwanza.

DBD ni muuaji mmoja na manusura wanne, wao wanawasha jenereta ili watoroke, yeye anawasaka awatundike kwenye ndoano, yaani mechi haianzi mpaka wapatikane watu watano, na mfumo unajaribu kuwatafuta watu wenye kiwango kinachokaribiana na wanaoweza kufika seva moja bila shida. Sasa sisi wa Dar, Nairobi, Kampala, tuko wangapi saa saba usiku Jumanne? Ukizima krosiplei umejifungia na wa jukwaa lako tu. Lobi ni kama daladala ya mwisho usiku, haiondoki mpaka ijae, na wewe unaenda kuwapunguza abiria kwa makusudi. Wa PC wa Steam wanaweza kuvumilia kidogo manake wapo wengi, lakini wa Xbox na Switch wakizima wanakaa wanaangalia moto wa kambi wa kwenye lobi mpaka usingizi unawachukua.

Sababu pekee ya kuzima ninayoielewa ni machiti. Programu za kudanganyia ziko PC, konsoli ni ngumu kuzichezea hivyo, na kuna watu wa konsoli wamechoka kukutana na manusura anayekimbia spidi ya pikipiki. DBD wanatumia Easy Anti-Cheat, inakamata wengi, haikamati wote. Gemu ambayo hili jambo liliiuma sana ni The Texas Chain Saw Massacre iliyotoka Agosti 18, 2023, watu wa konsoli walizima krosiplei kwa sababu ya machiti ya PC, halafu wa PC waliobaki wakawa wanangoja lobi mpaka wanakata tamaa, na gemu yenyewe inahitaji watu saba, wahanga wanne na familia watatu. Kwa hiyo ukizima ujue haujiumizi peke yako.

Ushauri wangu: washa, ukikutana na chiti ripoti pale pale mwisho wa mechi, endelea na maisha. Ukiwa na wiki mbaya sana zima siku moja halafu rudisha.

Ping yangu inaonyesha nyekundu kila siku, krosiplei ndo inasababisha?

Hapana, na hili naliona kila mahali. Jukwaa la mtu haliongezi ping yako (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi). Tangu 2019 DBD walihamia seva maalum, kabla ya hapo muuaji ndo alikuwa mwenyeji wa mechi na kama neti yake mbovu wote mnateseka. Siku hizi kila mtu anaunganishwa kwenye seva na ping yako inategemea umbali wako wewe mpaka kwenye hiyo seva, mwenzio awe PS5 awe Switch haijalishi.

Tatizo letu ni bahari. Kutoka Pwani ya Afrika Mashariki data inapita kwenye nyaya za chini ya bahari kama SEACOM (2009) na EASSy (2010), ukipelekwa seva ya Ulaya safari inapanda kupitia Bahari ya Shamu, na hata neti yako iwe faiba safi kabisa kwenda na kurudi inaweza kupita milisekunde 150. Hakuna kitufe cha kuchagua seva ndani ya gemu. Unachoweza kufanya ni kupunguza uchafu wa upande wako: tumia waya wa LAN badala ya waifai, zima apdeti zinazojidaunlodi nyuma, na kama unatumia hotspoti ya simu basi simu ikae dirishani isiwe mfukoni.

Halafu kuna siku hata ufanye nini. Mei 12, 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, Tanzania na Kenya neti ikawa ya kuokoteza, na kwenye magrupu watu walikuwa wanalaumu apdeti ya gemu.

Ping kubwa inaonekanaje? Umeruka dirisha, uko upande wa pili, umeshaanza kukimbia, halafu unapiga kelele na damu inaruka. Kwenye skrini ya Huntress, muuaji wa kurusha mashoka, shoka lilikupata ukiwa bado juu ya dirisha. Hajachiti. Seva imemwamini yeye.

Watu wa PC wana faida kuliko wa konsoli?

Kidogo ndiyo. Mausi inageuka haraka, kwa hiyo manusura wa PC anaweza kumzungusha muuaji pale pale mpaka pigo likaenda hewani, na muuaji wa PC anageuka nyuma kirahisi vilevile. Wauaji wanaolenga kama Huntress, au Nurse anayehitaji kupima umbali wa kuruka kwake, kwa kontrola ni kazi. Nurse anahesabika muuaji mwenye nguvu kuliko wote ila mchukue kwenye kontrola kwa mara ya kwanza uone, utatembea ukutani mechi nzima.

Lakini DBD sio gemu ya risasi. Muuaji anayesoma ramani vizuri na kujua jenereta tatu za kulinda anashinda hata akiwa na kontrola iliyochakaa. Wa Switch ndo nawaonea huruma kweli, picha zao ziko chini na fremu zinadondoka, wakicheza na nyie wavumilieni.

Nikihama kutoka PS4 kwenda PC vitu vyangu vinakuja?

Hii sio krosiplei, ni kitu kingine, na kilichelewa miaka. Krosiplei ilikuja 2020 lakini kubeba maendeleo kwa majukwaa yote, PlayStation na Xbox wakiwemo, kulifunguliwa Julai 2024. Unatengeneza akaunti ya Behaviour, unaunganisha akaunti zako zote humo, maendeleo yanakutana.

Mambo mawili ya kuangalia. Gemu yenyewe haihami, PC unainunua upya. Na wahusika wa leseni, yaani wale waliokodiwa kutoka kwenye filamu na magemu mengine, usidhani ukishamlipia kwenye duka moja basi amelipiwa kote, angalia orodha ya vinavyohama kabla haujauza PS4 yako. Hapo ndo watu wanalia. Ukiunganisha akaunti pia hakikisha ni za kwako kweli, hizi za kununua kwa mtu mtandaoni zitakuja kukutokea puani.

Rafiki yangu akiwa PlayStation analipia kitu kingine zaidi ya gemu?

Ndiyo, PS Plus ili acheze mtandaoni. Xbox na Switch nao wana usajili wao. PC hakuna. Bei za Steam kwa huku zinasoma dola, shilingi hawana, ya Tanzania wala ya Kenya, na wengi wanalipia kwa kadi ya Visa ya mtandaoni inayotoka kwenye M-Pesa. Subiri punguzo, DBD inashushwa bei mara nyingi tu kwa mwaka, hakuna sababu ya kununua bei kamili.

Na ile ya kwenye simu?

Ilikuwa gemu tofauti, haikuwahi kukutana na ya PC wala konsoli, na ilifungwa Machi 2025. Ukiona APK inayosema ni DBD ya simu yenye krosiplei, usiiguse.

Tunaongeaje ndani ya mechi?

Hamuongei. DBD haina maiki ndani ya gemu, na maandishi yapo PC tu, wa konsoli hawayaoni, kwa hiyo usimtukane mtu kwamba amekunyamazia, hajakusoma. Mkiwa marafiki fungueni Discord pembeni, ipo mpaka kwenye simu. Kumwalika wa jukwaa lingine unamwongeza kwa kitambulisho chake cha ndani ya gemu, kile chenye alama ya reli (#) na herufi mbele yake, nakili kama kilivyo.

Sasa PTB ni nini?

Public Test Build. Ni toleo la majaribio linalofunguliwa kwa watu wote kabla apdeti kubwa haijatoka rasmi, mara nyingi wiki tatu hivi kabla, na linakaa siku chache tu halafu linafungwa. Ndani yake unakuta muuaji mpya, uwezo mpya, ramani wakati mwingine, na mabadiliko ya namba ambayo bado hayajapita. Hausaini chochote, unaruhusiwa kustrimu, kuweka klipu, kulalamika hadharani, na chapta mpya unaijaribu bila kuinunua.

Ila jueni mnaingia nini. Watu wengi wanaingia PTB kama wamepewa zawadi ya mapema, wanakuta muuaji anazama sakafuni, sauti hamna, picha za uwezo zimekaa viboksi vyeupe, gemu inajifunga katikati ya mechi, wanaenda kuandika "gemu imekufa". Haijafa. Umeingia jikoni chakula hakijaiva. Hayo ndo mambo unayotakiwa kuyaona na kuyaandika, na kama hauna mpango wa kuandika chochote basi bora ubaki toleo la kawaida uokoe bando.

Naingiaje?

Steam tu. Nenda Library, bonyeza kulia kwenye Dead by Daylight, ingia Properties, kisha Betas, pale kwenye orodha utakuta public-test wakati PTB iko wazi. Ichague, Steam itaanza kudaunlodi. Ikimaliza, fungua gemu na uangalie namba ya toleo kwenye kona ya menyu, ikiwa ile ile ya zamani basi haujaingia, zima Steam kabisa uiwashe tena.

Kuhusu bando: gemu nzima inataka gigabaiti 50 za nafasi, PTB haidaunlodi zote upya lakini inadaunlodi nyingi, na ukirudi toleo la kawaida inadaunlodi tena. Yaani unalipa kwenda na kurudi. Kama unatumia bando la wiki la simu fikiria mara mbili, au subiri ule wa usiku.

Niko PS5, PTB ya konsoli inakuja lini?

Haipo. Sony, Microsoft na Nintendo kila apdeti inayoingia kwenye konsoli zao lazima ipite ukaguzi wao kwanza, na PTB ni kitu kinachokaa siku chache na pengine kinarekebishwa katikati, sasa upeleke toleo bovu likakaguliwe, lipite, likae siku tano, lifungwe? Steam msanidi anapandisha faili mwenyewe na wachezaji wanalipata siku hiyo hiyo.

Kinachoniudhi hapa ni kitu kimoja. Mabadiliko yanapimwa na wa Steam peke yao, wenye mausi, halafu yanaenda kwa kila mtu. Muuaji anayehitaji kugeuka haraka huku ameshikilia vitufe viwili anaonekana poa kabisa PTB, akifika konsoli watu wanahangaika na vidole. Kama una PC na kontrola, chomeka kontrola ucheze PTB nayo na useme hivyo kwenye maoni yako, wanaofanya hivyo ni wachache.

Nimeingia PTB simuoni rafiki yangu kwenye lobi. Krosiplei yangu imewashwa!

Yeye yuko toleo la kawaida. Wewe uko toleo lingine. Soma tena ile ya "kama una haraka" kule mwanzo wa ukurasa huu.

Hata akiwa Steam kama wewe, hata mkikaa kochi moja, lazima wote muwe public-test. Na PTB haina watu wa konsoli kwa hiyo krosiplei kule haina kazi.

Nikipanda levo PTB zinabaki?

Hazibaki. Kabla PTB haijafunguliwa wanapiga picha ya akaunti yako kama ilivyo siku hiyo, nakala ndo unaichezea. PTB ikifungwa nakala inatupwa. Uzuri wake ni kwamba na uharibifu haubaki, choma Bloodpoints (pointi za kupandishia levo) zote, jaribu uwezo ambao kwa kawaida usingeugusa, hakuna kitu kitakufuata nyumbani.

Foleni ya muuaji PTB haisongi, kuna nini?

Kila mtu anataka kumjaribu muuaji mpya. Wauaji ni wengi manusura hamna. Kuna njia mbili: cheza manusura, utaingia mechi haraka na utamwona muuaji mpya kutoka upande ule ambao una maana zaidi kwenye majaribio, au fungua mechi binafsi weka maboti (manusura wanaochezwa na kompyuta) manne umzoee taratibu. Maboti hayatakuambia kama muuaji ana nguvu kupita kiasi lakini bagi (hitilafu za gemu) za kukwama ukutani utaziona zote.

Hivi maoni yetu yanasikilizwa kweli au wanatuzuga?

Yote mawili yametokea, nitatoa mifano.

2025, PTB ya toleo la 9.2.0. Waliweka mfumo wa kumzuia muuaji asimng'ang'anie manusura mmoja toka ndoano ya kwanza mpaka afe, na mwingine wa kumzuia asiache watu wanagaagaa chini bila kuwatundika. Nia nzuri, hakuna anayependa kufa dakika ya tatu. Lakini ulivyofanya kazi ni kwamba muuaji akipata adhabu anaipata hata pale ambapo manusura mwenyewe ndo kamfuata mbele ya pua, na wachezaji wajanja wakaanza kuitumia kama silaha ndani ya saa chache. Kelele zikawa kubwa sana na Behaviour wakatangaza hiyo mifumo haitoki na 9.2.0. Hiyo ni PTB imefanya kazi yake, bila ile wiki ingefika kwa kila mtu mpaka wa Switch.

Upande wa pili, 6.1.0 ya Julai 2022. Jenereta zilikuwa sekunde 80, PTB ikaja na 90. Manusura walilia. Ikatoka na 90 na watu wakazoea, na mimi naona walikuwa sahihi maana mechi za kabla ya hapo muuaji anapepesa macho jenereta tatu zimewaka.

Tofauti ya hizi mbili ukiziangalia vizuri: kwenye 9.2.0 watu walileta klipu, unaona kabisa muuaji anaadhibiwa kwa kitu ambacho hajafanya. Kwenye 6.1.0 wengi walileta hasira tu. Klipu ya sekunde ishirini inamfanya msanidi aache chai.

Basi niandikeje ripoti ya bagi?

Kwenye jukwaa lao la maoni kuna sehemu ya PTB. Andika Kiingereza cha kawaida, hawahitaji insha. Kichwa kiseme kitu gani kinatokea wapi, chini useme ulikuwa nani, ramani gani, ulifanya nini hatua kwa hatua, kikatokea nini, na kinatokea kila mara au mara moja moja. Mfano wa mbovu: "muuaji mpya mbovu rekebisheni". Mfano wa nzuri, kwa Kiswahili ili tuelewane:

"Manusura anabaki amechuchumaa baada ya kutolewa kwenye ndoano ya chini ya ardhi. Nilikuwa manusura, mwenzangu kanitoa, nikabonyeza kuchuchumaa wakati mkono wake bado unanishika. Baada ya hapo siwezi kusimama mpaka nipigwe. Nimejaribu kwenye mechi binafsi, inatokea kila nikibonyeza mapema, nikisubiri aniachie kwanza haitokei. Natumia kontrola."

Huo mstari wa "nikisubiri haitokei" ndo dhahabu. Unamwambia mtu pa kuanzia kutafuta.

Maoni ya usawa, kwamba kitu kina nguvu sana au dhaifu sana, usichanganye na bagi. Ni sehemu nyingine na watu wengine wanasoma.

PTB, alfa, beta iliyofungwa, early access, si kitu kimoja?

Hapana, na unachoruhusiwa kufanya kinatofautiana. Alfa na beta zilizofungwa unaalikwa, na mara nyingi unakubali masharti ya kutoonyesha chochote, ukistrimu wanakufungia. Outlast Trials ya Red Barrels, nao wa Montreal, walifanya beta iliyofungwa mwisho wa Oktoba 2022 kwenye Steam, wakaingia early access Mei 18, 2023, halafu Machi 5, 2024 ikatoka kamili pamoja na konsoli na krosiplei siku hiyo hiyo. Hao walisubiri gemu ikae sawa ndo wakafungua milango ya majukwaa mengine, na naona ndo njia ya busara kwa timu isiyo kubwa.

Texas Chain Saw wao walifanya jaribio la kiufundi la siku chache Mei 2023, Steam tu, lengo kupima seva. Early access ni kitu kingine tena, umelipa hela, gemu haijakamilika, maendeleo yako kwa kawaida yanabaki ila msanidi anaweza kuyafuta akibadilisha mfumo.

Phasmophobia je?

Hii ni ya Kinetic Games wa Uingereza, watu wanne mnaingia nyumba yenye mzuka, mnatafuta ushahidi ni mzuka wa aina gani, mnatoka mkiwa hai kama mna bahati. Ilianza early access kwenye PC Septemba 18, 2020. Konsoli zilitakiwa Agosti 2023, zikasogezwa, pakatokea na moto kwenye jengo la ofisi yao, zikasogezwa tena, mwishowe PS5, PSVR2 na Xbox Series zikaingia Oktoba 29, 2024 na krosiplei ikiwemo. Kwa hiyo mmoja anaweza kuvaa miwani ya VR, mwingine PC, mwingine PS5, mnaunganishwa kwa namba ya lobi. Ni rahisi kuliko DBD, msomee tu mwenzio namba.

PC wana beta yao Steam pale pale kwenye Betas, na sheria ni ile ile: aliye beta hakutani na aliye toleo la kawaida.

Kingine ambacho wa huku lazima mjue, mzuka anasikiliza maiki yako, na Spirit Box (redio ya kumuuliza mzuka maswali) inaelewa lugha zilizowekwa kwenye setingi tu na Kiswahili hakimo. Unaweza kusema "uko wapi wewe" mpaka sauti ikauke. Maswali muulize kwa Kiingereza, ila mkibishana nyie kwa nyie kwa Kiswahili mzuka akiwa kwenye msako, sauti bado anaisikia na atakuja. Hiyo haihitaji tafsiri.

Nimetumiwa link ya "beta key" kwa elfu kumi, ni ya kweli?

Utapeli. PTB haiuzwi wala haihitaji msimbo wowote. Beta za kweli unaombea kwenye ukurasa wa gemu yenyewe Steam, bure. Link inayokutaka uingize nenosiri la Steam kwenye tovuti nyingine inataka akaunti yako, na aliyekutumia pengine ni rafiki yako ambaye yake ishaibwa jana.

Mdogo wangu ana miaka 12, krosiplei ina usalama?

DBD ni PEGI 18, yaani ya miaka 18 kwenda juu. Watu wanatundikwa kwenye ndoano. Mtafutie kitu kingine.

PTB imefungwa, gemu yangu haifunguki / inasema seva hazipatikani.

Umebaki public-test. Rudi Properties, Betas, chagua None, subiri Steam idaunlodi. Ikigoma, nenda Installed Files ubonyeze ile ya kuhakiki faili, itarekebisha zilizobaki za PTB. Usifute gemu nzima kudaunlodi upya, gigabaiti 50 hizo. Ukiingia ukakuta levo zako ziko kama ulivyoziacha kabla ya PTB ujue umefika. Zikionekana ziko chini zaidi ya hapo, kabla ya kupaniki angalia kama umeingia na akaunti ile uliyounganisha ya Behaviour, manake wenye Steam mbili kwenye kompyuta moja hili linawakuta sana.